Mzee Tulikosea

Shemeji yangu alifia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, siku ya Jumanne, akiwa amekaa kitandani anakula papai.

Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume, na mfuko wa mkojo ulikuwa bado unaning'inia ubavuni mwa kitanda. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, nimemshikia sahani. Televisheni ya wodi ilitundikwa juu ya mlango, na kila mgonjwa aliyekuwa na nguvu ya kugeuza shingo alikuwa anaitazama. Mara sura yake ikajaa kioo kizima, wameiondoa rangi ili ihuzunishe vizuri, na mtangazaji, binti mmoja mwenye kope ndefu kama fagio, akasema kwa sauti ya kukatikakatika kwamba mwalimu wa waandishi wa habari nchini ameaga dunia mchana huo, hospitalini.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori aliyevunjika nyonga, alimtazama shemeji, akatazama televisheni, akarudi kwa shemeji.

"Mzee, si wewe huyo?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana."

"Ahsante."

Wodi nzima ikaangua kicheko, hata yule mzee wa kona ambaye tangu asubuhi alikuwa anaomba afe. Shemeji hakucheka. Alimeza kipande kilichokuwa mdomoni, akasema, "Mwaka nilioanza kazi wameukosea." Kisha uso ukambadilika. Alinikamata mkono hadi sahani ikaanguka.

"Shemeji, mke wangu anatazama."

Nilipiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena.

Mke wake ni dada yangu, tumbo moja. Mwanamke mwingine yeyote angesikia kituko kile angeruka kwenye simu, aulize hospitali, aulize binti yake, amuulize hata shetani. Dada yangu hakuuliza mtu. Kwa nini hakuuliza, siwezi kueleza bila kueleza kwanza aliolewa na mtu wa namna gani.

Watu walimwita Mzee Tulikosea tangu hajawa mzee. Alisoma taarifa ya habari ya kituo chetu kwa muda mrefu kiasi kwamba kuna watu wazima waliozaliwa, wakasoma, wakaoa, bila kumwona mtu mwingine kwenye kile kiti. Mimi nilikuwa fundi sauti, nyuma ya kioo, visikizi masikioni. Nimesikia pumzi zake kuliko mkewe alivyozisikia. Hakuwa mzuri wa sura. Masikio yalitoka nje kama vipini vya sufuria. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo hakuna kituo kingine kilichokuwa nayo: kosa lililosomwa lilisahihishwa na mdomo uleule, kwenye kiti kilekile, mahali palepale pa taarifa lilipotendeka. Kama ulikosea kwenye habari ya mwisho, unasahihisha mwisho. Kama ulikosea kwenye habari ya kwanza, basi kesho yake nchi nzima inakaa kusikiliza habari, na kitu cha kwanza inachosikia ni, "Jana tulikosea."

Mara moja tulitangaza kwamba bucha fulani limefungwa kwa kuuza nyama iliyooza. Ilikuwa habari ya kwanza, kwa sababu watu walikuwa wamelazwa. Asubuhi ikajulikana kwamba bucha lenyewe ni la ng'ambo ya barabara, na huyu tuliyemtaja alikuwa mtu safi, tena mchana ule alishapigwa mawe. Siku hiyohiyo waziri mmoja alikuwa amefungua daraja. Mkurugenzi akaagiza waziri aende mbele. Shemeji akasema sawa. Taa nyekundu ilipowaka alitazama kamera, akasema, "Jana tulikosea," akamweleza yule muuza nyama kwa jina, kwa mtaa, kwa urefu uleule tuliotumia kumvunjia heshima. Waziri akafuata nyuma ya ng'ombe. Shemeji akasimamishwa kazi mpaka waziri mwenyewe alipopoteza uwaziri.

Vijana wa sasa ukiwasimulia hili wanakuuliza, "Sasa alifaidika nini?" Hakufaidika kitu. Yule muuza nyama hakuja hata kumshukuru, na bucha lake lilikufa vilevile.

Kuhusu vifo alikuwa mkali zaidi. Wasifu za watu wakubwa tulizirekodi mapema, wakiwa bado wanakohoa, maana ndivyo kazi ilivyo. Kanda zilikaa kwenye kabati la chuma na ufunguo ulikaa kiunoni mwake. Kabati halikufunguliwa mpaka apatikane mtu aliyeuona mwili kwa macho, na mtu wa familia athibitishe kwamba mke au mume ameshaambiwa. Nimeona vituo vingine vikitangulia kutangaza kifo huku sisi tunasoma habari za bei ya mahindi, watu wanatupigia simu kututukana. "Waache watangulie," alikuwa akisema. "Marehemu hana haraka."

Nyumbani alikuwa vilevile, na hapo ndipo ubaya ulipoanza. Mgeni hawezi kusimulia jambo mezani kwake bila kuulizwa, "Umeambiwa na nani? Na yeye ameambiwa na nani?" Dada yangu, aliyekuwa fundi cherehani na aliyependa umbea kama kila fundi cherehani aliye timamu, alinyimwa raha hiyo. Akianza, "Nasikia mke wa fulani..." mumewe anainua macho tu, naye anakata sentensi kama uzi. Mara moja jirani aliingia anapiga kelele kwamba basi nililopanda limepinduka na mimi nimo kwenye orodha ya waliokufa. Dada akaweka mikono kichwani alie. Mumewe akamkataza kulia. Alimkalisha kwenye kiti akiwa ameuma kitambaa cha kushonea, yeye akapiga simu polisi, kisha hospitali, kisha polisi tena. Jioni nikaingia na mfuko wa vitunguu, mzima, nimechelewa tu kwa sababu basi nililikosa. Toka siku ile dada yangu aliacha kabisa kuamini midomo ya watu. Aliamini taarifa ya saa mbili. Alikuwa akisema, "Kama haijasomwa, haijatokea." Na mumewe alikuwa anatabasamu akisikia hivyo.

Basi siku ile ilisomwa.

Alikuwa amesimama sebuleni anapiga pasi shati ambalo mumewe angelivaa siku ya kutoka hospitali. Jirani ndiye aliyesikia harufu ya nguo kuungua kupitia dirishani. Alimkuta dada yangu chini, mdomo umekwenda upande, pasi imetoboa shati na inaanza kula ubao. Kiharusi. Simu yangu ilikuwa inaita mezani juu ya kichwa chake.

Walimleta hospitali ileile, wodi ya wanawake, ghorofa ya juu. Shemeji alipanda ngazi akiwa ameshika mfuko wake wa mkojo mkononi kama mtu anayebeba samaki kutoka sokoni. Huku nyuma, mtaani kwetu, watu walikuwa wameshapanga viti. Mzee mmoja wa mtaa alikuwa ameshatoa hotuba, akalia, akasema marehemu alimpenda kama mdogo wake. Alipoambiwa marehemu yuko hai alikasirika wazi. Mpaka leo ana kinyongo na shemeji kwa kuishi.

Kosa lenyewe halikuwa na fumbo. Mtu mmoja asiyejulikana aliweka picha ya shemeji na mshumaa kwenye simu yake. Watu wakaipokezana. Kituo kimoja pinzani kikaanza kuiandika chini ya kioo. Kwetu hakuna kabati tena, kila kitu kiko kwenye kompyuta na anayetaka anafungua kwa kidole. Wasifu ulikuwa tayari: wiki ile vijana wawili walikuwa wamekuja wodini na kamera, wakidai wanamtakia afya njema. Shemeji aliwajua tangu walipofungua mlango. "Wamekuja kunipima sanda," alininong'oneza, kisha akawasaidia kusogeza taa, kwa sababu waliiweka chini mno na ingemfanya aonekane maiti kabla ya siku yake. Kutoka kituoni hadi hospitali ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Hakuna aliyetembea. Hakuna aliyepiga simu. Wangepiga, angewajibu yeye mwenyewe.

Dada yangu alirudiwa na fahamu. Mkono wa kulia haukurudi, maneno yalirudi polepole, yamelegea. Alinitambua mimi. Alimtambua binti yake, ambaye ni mkunga kwenye hospitali hiyohiyo. Alimtambua mpaka jirani aliyezima pasi, akamuulizia watoto wake kwa majina. Mumewe alipoinama kitandani, alimwangalia kwa adabu.

"Ahsante kwa kuja," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Mmefanana. Wewe ni ndugu yake wa upande gani?"

"Mimi ni mume wako. Sijafa."

Akageuza uso ukutani, kwa aibu, kama mwanamke aliyetongozwa msibani.

Siku nyingine alijaribu tena, kwa njia yake, kama mwandishi. Akavuta kiti, akauliza kwa upole, "Nani kakuambia mumeo amekufa?"

"Taarifa ya habari."

Nilikuwepo. Mtu aliyewauliza swali hilo mawaziri na wakuu wa polisi, leo alijibiwa, akarudisha kiti ukutani.

Daktari alisema ubongo wa mgonjwa wa kiharusi una ukaidi wake, unaweza kukubali watu wote ukamkataa mmoja, na kwamba unaweza kulegea baadaye au usilegee. Alisema hivyo akiwa anaangalia saa. Walimruhusu dada, tukampeleka nyumbani. Na huko ndiko tulikoona kitu anachofanya. Kila saa mbili anataka asogezwe mbele ya televisheni, shuka magotini, na anasikiliza taarifa yote, mpaka hali ya hewa. Ikiisha anashusha pumzi.

"Unasubiri nini, mama?" binti yake alimuuliza.

"Hawajasema siku ya mazishi."

Binti alitutoa nje, mimi na baba yake, akafunga mlango wa jikoni. "Baba, sisi tunajisumbua bure. Mama hataki maneno yetu. Anataka yasomwe. Yule dada wa kope akikaa pale aseme tulikosea, mzee yu hai, mama atakuamini kabla hajafika kwenye habari ya pili."

"Huo si udaktari," shemeji alisema.

"Sio. Mimi nazalisha tu. Lakini nina mama huyu toka nizaliwe."

Shemeji akasema, "Hata hivyo wanapaswa kuisahihisha. Hata kama nisingekuwa na mke."

Tukaenda kituoni. Alichukua fimbo, mimi nikachukua mwavuli. Mlinzi getini alikuwa kijana mgeni, akataka kitambulisho, akasoma jina, akatazama uso, akasoma tena.

"Huyu si amefariki?"

"Ndilo lililonileta," shemeji akajibu.

Mapokezi walikuwa wameweka picha yake kubwa, maua ya plastiki pande mbili, utepe mweusi umepita konani. Chini waliandika mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na wa kuzaliwa nao walikuwa wameukosea. Msichana wa mapokezi alituambia tukae, mhariri mkuu ana kikao. Tukakaa chini ya ile picha. Watu wakipita wanamwona wa juu na wa chini, wanaharakisha hatua. Mmoja alipiga picha wote wawili na simu yake.

Mhariri mkuu walimwita Bosi Chapchap, na alilipenda jina hilo. Alikuwa na viatu visivyo na soksi. Alimkumbatia shemeji kama mtu anayekumbatia mti wenye siafu.

"Mzee wetu. Tulikulia. Wallahi tulikulia."

"Niliona."

"Ile ndiyo habari yetu iliyotazamwa zaidi mwaka huu. Watu walikupenda, mzee."

"Sikufa."

"Ndio, ndio. Na sisi tulipojua tu, chapchap, tukafuta."

"Mlifuta wapi?"

"Mtandaoni. Kila mahali. Ukitafuta huipati."

"Mke wangu hayupo mtandaoni. Yuko sebuleni. Aliisikia kwenye taarifa ya saa mbili, habari ya kwanza, kwa mdomo wa yule binti. Nataka binti yule akae pale, mwanzo wa taarifa, aseme mlikosea."

Bosi Chapchap alikuna shingo. "Mzee, nikuambie ukweli kama mwanao. Tukianza taarifa kwa kusema tulikosea, wapinzani wetu watakata kipande hicho, watakiweka muziki, kitachezwa mpaka kwenye saluni. Mwanasheria naye hataki tukiri chochote. Zamani mlikuwa peke yenu hewani, mkikosea mnasema. Sisi tunakimbizwa."

"Mnakimbizwa na nani?"

"Na kila mtu."

"Mke wangu amepooza upande mmoja."

"Nimesikia, pole sana. Tunamwombea." Akakaa kimya kidogo kwa heshima, nadhani alikuwa anahesabu moyoni. Kisha uso ukang'aa. "Lakini nina kitu kizuri zaidi. Jumamosi tuna Gumzo la Wikendi. Yule binti ndiye anayeliendesha. Njoo wewe mwenyewe, mzima mzima. Utaingia watu wapige makofi. Nchi itakuona uko hai. Si ndicho unachotaka?"

"Nataka aseme mlikosea."

"Atasema. Humo humo. Gumzo halina mwanasheria."

Nilimwambia shemeji kwenye ngazi kwamba yule kijana anamcheza. Alijibu kwamba anajua. "Lakini atasema mbele ya kamera," akasema. "Likishasemwa mbele ya kamera limesemwa."

Hapo ndipo alipokosea yeye. Enzi zake taarifa ilisomwa moja kwa moja, neno likitoka limetoka, hata mkurugenzi hawezi kulirudisha tumboni. Gumzo linarekodiwa Jumatano. Mimi niliyekata sauti maisha yangu yote nilijua, nikamwambia. Alinitazama kama mtu aliyeshika kamba na wewe unamwambia imeoza. Ataachia aende wapi?

Binti yake alimtafutia koti la kijivu alilokuwa anasomea habari, alilikuta sandukuni linanuka dawa ya nondo. Alisema mama akiliona koti lile hawezi kubisha. Liliingia vizuri kwa sababu shemeji alikuwa amekonda.

Studioni kulikuwa na jeneza.

Jeneza la kweli, limeegeshwa wima kama mlango. Msimamizi wa kipindi, mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, alieleza kwamba mzee atasimama ndani, kifuniko kitafunguka, moshi utatoka, muziki utapigwa, naye atatoka anapunga mkono.

"Siingii," shemeji akasema.

"Ni utani tu, babu. Watu wacheke."

"Siingii humo kabla ya wakati wangu."

Wakabishana. Wakamwita Bosi Chapchap kwa simu. Wakaafikiana moshi bila jeneza. Kisha mama wa poda akamkalisha mbele ya kioo chenye balbu, akasema mvi zinarudisha mwanga, akampaka nywele rangi nyeusi, akamziba mikunjo kwa poda nzito. Shemeji hakukataa. Alikuwa ameshakubali kubwa zaidi, la kuja Gumzo badala ya taarifa ya habari, hili lilikuwa dogo. Alipoinuka pale alikuwa yule mtu wa zamani wa kwenye kiti, masikio yale, koti lile. Mimi mwenyewe nilishtuka.

Alipita kwenye moshi akikohoa. Watu walioletwa kupiga makofi wakapiga. Mtangazaji akamkumbatia, akalia, maana machozi yake yako karibu na ngozi. Kabla ya maswali shemeji alimtazama tu, akingoja. Na binti wa watu alisema. Lazima niseme haki yake. Alishika mikono ya mzee, akasema, "Jumanne ile tulikosea. Tulitangaza kifo ambacho hatukukithibitisha. Mzee huyu yu hai. Mama uliyeko nyumbani, mume wako yu hai, utusamehe." Sauti haikukatika hata mara moja. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya fundi sauti, niliona mshale wa kupima sauti ukipanda na kushuka, neno kwa neno, safi kabisa. Nikafikiri, huenda.

Baada ya hapo walimuuliza ahera kukoje, alikutana na nani huko, na kama atagombea ubunge.

Jumamosi tulimsogeza dada yangu mbele ya televisheni. Kwa kuwa haikuwa saa mbili hakuelewa kwa nini, lakini alikubali. Binti yake alikaa miguuni mwake. Shemeji alivuta kiti pembeni, karibu sana, mvi zake zimesharudi kwa sababu ile rangi ilitoka kwa sabuni moja tu. Alikuwa amevaa fulana na amekunja mikono katikati ya magoti, kama mtoto, yeye aliyesoma hewani matamshi ya marais.

Muziki ukalia. Moshi ukatoka. Yeye akatokea ndani ya moshi na koti la kijivu, kichwa cheusi, uso laini.

Dada yangu aliinua mkono wake mzima, akauweka kifuani.

Walikumbatiana pale kwenye kioo. Mtangazaji akafuta machozi, akafungua mdomo, na hapohapo picha ikaruka. Niliona mruko kwa sababu mikono yao ilikuwa imeshikana, ghafla haijashikana. Akasema, "Haya, mzee, ahera kukoje?" Wapiga makofi wakacheka. Kila neno la kosa lilikuwa limekatwa, kwa usafi, na mtu anayeijua kazi yake. Hata chini ya kioo, mahali wanapoandika majina, hawakuandika kwamba yu hai. Waliandika jina lake na neno nguli.

"Mama, umemwona baba?" binti aliuliza haraka, kabla picha haijaondoka. "Umemwona? Yu hai, wamemleta."

"Nimemwona," dada alisema. Macho yalikuwa yamemjaa. "Wanarudia kanda zake. Hapo alikuwa hajaanza kuumwa. Tazama nywele."

"Ni juzi Jumatano, mama. Nilimfungia vifungo mimi."

"Lile koti nililipunguza mabega mwenyewe. Ulikuwa hujazaliwa."

Shemeji aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake, akaziba nusu ya kioo. Akaushika ule mkono usiohisi, akagundua, akaushika mwingine. "Mke wangu. Ni mimi huyu, na ni mimi yule. Walisema walikosea, wakakata. Nakuapia, alisema. Muulize ndugu yako."

Dada akanigeukia. Nikamwambia ni kweli, nilisikia kwa masikio yangu.

"Umesikia wapi?" akaniuliza.

"Studioni."

"Imesomwa?"

Televisheni ilikuwa inamuuliza mumewe kama atagombea ubunge, naye alikuwa anajibu kwa ile sauti yake ya chini, taratibu, akimaliza kila sentensi. Dada yangu alinyoosha shingo kumkwepa yule mtu aliyepiga magoti, aone vizuri. Alimpapasa bega, bila hasira, kama unavyompapasa mfiwa mwenzio aliyezidiwa.

"Nyamaza basi, mgeni," akamwambia. "Nimsikilize mume wangu."

Shemeji akarudi kwenye kiti chake, wakamsikiliza wote wawili.